Biashara asubuhi, jioni mahesabu: mwongozo kwa mwenye duka la mtaani

Duka la mtaani linaweza kuwa na wateja kila jioni na bado likafa ndani ya mwaka. Unga unatoka, soda zinatoka, simu inaingiza miamala, halafu siku moja mwenye duka anakwenda Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, kufuata mzigo na kukuta hela aliyonayo hainunui hata nusu ya alichokuwa akinunua zamani. Majirani watasema kijicho, wengine watasema eneo limechoka. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mtaji umeliwa kidogo kidogo, na hakuna aliyeona ukiliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tunavyosema, na kwenye maduka yetu msemo huo ni wa kweli kabisa.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka la rejareja, hasa wa Tanzania, ambaye mtaji wake ni kati ya laki kadhaa na milioni chache, na ambaye hana mhasibu wala kompyuta. Unahitaji kaunta buku mbili, kalamu na kikokotoo cha simu. Bei nilizoweka ni za mfano. Weka zako, hesabu itabaki ileile.

Hatua ya kwanza: pima duka kila tarehe 1

Kama utafanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili.

Usiku wa mwisho wa mwezi, ukishafunga mlango, hesabu vitu vinne. Cha kwanza ni mali yote iliyopo, kwenye rafu na stoo, kwa bei uliyonunulia na si bei unayouzia. Cha pili ni pesa ya duka yote: ya droo, ya simu, ya benki. Cha tatu ni wateja wanadaiwa kiasi gani. Cha nne ni wewe unadaiwa kiasi gani, iwe kwa wauzaji wa jumla, kwenye kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) au kwa mwenye gari la mikate. Jumlisha vitatu vya kwanza, toa cha nne. Jibu unalopata ndilo duka lako lenyewe, yaani kitu ambacho ungebaki nacho kama ungeuza na kulipa kila mtu leo.

Tuseme tarehe 1 mali ilikuwa 2,400,000, pesa 310,000, madeni ya wateja 180,000, na wewe ulikuwa unadaiwa 450,000. Duka lilikuwa na 2,440,000.

Mwezi umeisha, umehesabu tena. Mali ni 2,150,000, pesa ni 520,000, wateja wanadaiwa 265,000, na wewe unadaiwa 600,000. Duka sasa lina 2,335,000.

Ona kinachotokea hapo. Pesa mkononi imeongezeka kutoka 310,000 hadi 520,000. Mwenye duka huyu anajisikia vizuri, anaona mwezi umekuwa mzuri, pengine ameshaanza kufikiria kununua friji. Lakini duka limepungua kwa 105,000. Pesa imeongezeka kwa sababu rafu zimepungua na deni la muuzaji wa jumla limekua. Pesa iliyomo droo haikuambii kama unapata faida, na hapo ndipo wengi wetu tunapotea.

Sasa ongeza kitu kimoja: mwezi huo umechukua kiasi gani dukani kwa matumizi ya nyumbani? Tuseme 380,000. Faida halisi ya mwezi ni 380,000 ukitoa lile pengo la 105,000, yaani 275,000. Duka limezalisha 275,000 na nyumba imekula 380,000. Duka ni zima, linatengeneza faida, wateja hawana tatizo. Tatizo ni kwamba nyumba inakula zaidi ya kinachozalishwa, na kwa mwendo huo mtaji wote utaisha katika muda wa miaka miwili hivi, pengine mapema, kwa sababu rafu zikianza kuwa tupu na mauzo hushuka.

Kuhesabu mali mara ya kwanza kunachosha. Utakaa mpaka usiku wa manane ukihesabu viberiti na sabuni za mche. Mara ya pili ni nusu ya muda huo, kwa sababu orodha na bei za kununulia unazo tayari. Usikadirie kwa macho. Anayekadiria huwa anajipendelea.

Hatua ya pili: funga hesabu kila jioni

Ushauri unaotolewa sana ni "andika kila mauzo". Kwa duka la kuuza pipi, chumvi ya mia mbili na kiberiti kimoja kimoja, ushauri huo haufanyi kazi, na anayeujaribu huacha ndani ya wiki. Fanya hesabu ya kurudi nyuma.

Asubuhi andika umeanza na kiasi gani kwenye droo. Mchana andika kila pesa inayotoka, hata ya mkaa, na kila deni linalolipwa. Jioni hesabu droo. Mfano:

Jioni droo ina 127,500.
Umenunua mzigo wa 95,000.
Umetumia 7,500 kwa matumizi ya duka.
Umechukua 20,000 ya nyumbani.
Jumla ni 250,000.
Toa 50,000 uliyoanza nayo na 14,000 ya madeni yaliyolipwa.
Mauzo ya taslimu ya siku ni 186,000.

Mauzo yaliyoingia kwenye simu yaandike mstari wa chini yake, peke yake. Na hapa kuna jambo ambalo lisingehitaji kusemwa lakini linahitaji: chukua Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu, au laini ya duka pekee. Ukipokea malipo ya wateja kwenye namba ileile ambayo shemeji anakutumia mchango wa harusi na wewe unanunulia umeme wa luku, hakuna jioni utakayoweza kufunga hesabu.

Hesabu ya kurudi nyuma ina udhaifu mmoja: ikiwa hela imechomolewa bila kuandikwa, itaonekana tu kama mauzo yalikuwa madogo. Kwa hiyo chagua bidhaa tano zinazotoka sana na ambazo ni rahisi kuhesabika, kama soda, mikate, mayai, unga wa kilo mbili, vocha. Hesabu asubuhi, hesabu jioni. Kama trei la mayai limepungua mayai 18 na mauzo ya siku hayaonyeshi chochote kikubwa, una pa kuanzia kuuliza.

Picha moja ya ukurasa kwa simu kila jioni, itumwe kwa ndugu mmoja unayemwamini. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na Soko la Mchikichini, lile la Karume, likaungua Januari 2022. Mtu aliyepoteza bidhaa na daftari kwa pamoja hawezi hata kusema ni nani wanamdai na ni nani anawadai.

Hatua ya tatu: jilipe

Ukishajua duka linazalisha 275,000, jipangie mshahara chini ya hapo, tuseme 220,000, na uuchukue kwa siku zilizopangwa. Iwe kila Jumamosi 50,000 na kitu, au tarehe moja ya mwezi. Kinachobaki kinarudi kwenye mzigo.

Kazi ngumu ni vile vitu visivyoonekana kama pesa. Mtoto anatumwa dukani kuchukua sukari robo, mafuta ya kupikia, sabuni ya kufulia. Mgeni amekuja, soda mbili zimefunguliwa. Hizo zote ni pesa. Weka daftari dogo karibu na mlango wa nyuma, na kila kitu kinachoingia nyumbani kiandikwe kwa bei ya kununulia. Usimkataze mtu kuchukua, maana duka ni la familia na familia lazima ile. Lakini kiandikwe, na mwisho wa wiki kikatwe kwenye ule mshahara wako. Zungumza na mwenzio nyumbani kabla ya kuanza. Mke au mume akiona ghafla umeanza kuandika vitunguu, atadhani kuna jingine.

Na ndugu wanaoomba? Toa, kama unataka kutoa, lakini toa kwenye mshahara wako. Kumwambia mjomba "hiyo ni hela ya mzigo, mjomba, yangu napata Jumamosi" ni jibu la adabu na ni la kweli.

Hatua ya nne: jua gharama ya kweli kabla ya kupanga bei

Chukua gunia la sukari la kilo 50. Umelinunua 130,000, unauza kilo 2,900. Mara 50 ni 145,000, kwa hiyo unasema faida ni 15,000. Sasa fuata gunia hilo mpaka mwisho. Usafiri wa bodaboda au guta, mgao wake kwa gunia, 2,000. Vifungashio, 1,000. Kwenye kupima robo robo na nusu nusu, mkono mwepesi wa muuzaji na punje zinazomwagika zimekula kilo moja, kwa hiyo umeuza kilo 49, yaani 142,100. Gharama ni 133,000. Faida ni 9,100.

Kilo moja tu imeondoka na karibu 3,000, ambayo ni moja ya tano ya faida uliyoitarajia. Kwa hiyo mizani nzuri ni mali. Sheria pia inataka mizani ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kupigwa muhuri. Lakini hata pasipo sheria, mizani inayozidisha inakuibia wewe, na inayopunguza itakufukuzia wateja pindi mmoja atakapopima kwa jirani.

Fanya hesabu hii kwa bidhaa zako kumi zinazouzika zaidi. Nyingine acha zifuate bei ya mtaa.

Hatua ya tano: madeni yawe na kikomo

Kukopesha hakuepukiki. Jirani anayelipwa mwisho wa mwezi anahitaji unga leo, na ukimkatalia atahamia duka la pili na hela yake ya mwisho wa mwezi itamfuata huko. Mkopo ukiendeshwa vizuri ni sehemu ya biashara. Lakini kukopa harusi, kulipa matanga, na anayevaa nguo za matanga ni mwenye duka.

Jiulize deni lisilolipwa linagharimu nini. Kitu ulichonunua 10,000 na kuuza 12,000 kinakupa 2,000. Mteja akitoweka nacho, unahitaji kuuza vitano vingine kama hicho ili tu kurudisha ile 10,000 ya mtaji. Vitano. Na siku hizo zote umefanya kazi bure.

Kwa hiyo: kila anayekopa ana ukurasa wake, wenye jina, namba ya simu, siku anayopata hela, na kikomo. Kikomo kitoke kwenye uwezo wake na kamwe kisitoke kwenye huruma yako ya siku hiyo. Mwenye mshahara anaweza kuwa na 30,000. Kibarua wa kulipwa kila siku, 5,000. Andika mbele yake, asome, aweke sahihi au herufi zake. Jumla ya madeni yote isizidi kiasi ulichopanga mwenyewe. Mimi nisingependa kuona yakipita moja ya kumi ya mtaji, na duka la mfano wetu hapo juu limeshavuka.

Maneno ya kukataa yaandae mapema, ili yasikutoke kwa hasira:

"Dada yangu, nakuandikia kila siku, unajua. Sasa ukurasa wako umefika elfu thelathini. Nipunguzie hata elfu kumi, halafu chukua unga."

Hujamwaibisha, hujapandisha sauti, na umemwonyesha njia. Usimdai mtu mbele ya wateja wengine. Mfuate au mpigie, siku ileile aliyosema atapata hela, kabla hela haijapata kazi nyingine.

Hatua ya sita: mzigo uliolala

Sukari inakupa 9,100 kwa gunia, lakini gunia linaisha kwa wiki. Kwa mwezi pesa ileile ya 133,000 inazunguka mara nne na kuleta 36,400. Weka pesa hiyohiyo kwenye mafuta ya kujipaka na manukato yenye faida ya 50,000, lakini yanayochukua miezi mitano kwisha: inaleta 10,000 kwa mwezi. Faida kubwa kwa kipande kimoja inadanganya. Tazama pesa inarudi mara ngapi.

Unapohesabu mali tarehe 1, weka alama nyekundu kwenye kila bidhaa ambayo haijapungua tangu mwezi uliopita. Ikipata alama mbili, iuze hata kwa bei uliyonunulia, na usiilete tena kwa sababu tu winga, yaani dalali, wa Kariakoo amekuambia inatembea sana. Inatembea kwake. Tazama pia tarehe za mwisho wa matumizi. Bidhaa mpya ikae nyuma, ya zamani mbele. Chakula na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, na wakaguzi wakikuta kilichopita tarehe kwenye rafu hawaulizi ni kimoja au katoni.

Kuhusu mali kauli: kupewa mzigo na kulipa baada ya kuuza ni heshima, na imejenga wafanyabiashara wengi. Andika tarehe uliyoahidi, na pesa ya mzigo huo itengwe kila siku unapouza. Ukiila, hutapewa tena, na habari hizo hutembea haraka mtaa ule.

Kijana wa duka

Mlipe kwa tarehe, hata kama mwezi ni mbaya. Anayecheleweshewa mshahara atajilipa mwenyewe. Mnapofunga hesabu, hesabuni wote wawili, na wote mtie sahihi. Hesabu ya zile bidhaa tano ikionyesha hela imepungua 6,500 leo, uliza kwanza nini hakikuandikwa: mtu wa mikate alilipwa? Kuna mteja alirudishiwa? Mara nyingi jibu linapatikana. Usimtuhumu kijana kwa upungufu wa siku moja, na usinyamaze upungufu ukijirudia wiki nzima.

Kodi na karatasi

TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa bure na TRA, Mamlaka ya Mapato. Leseni ya biashara inatoka halmashauri. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kwa kila mzigo unaonunua dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, na uitunze, kwa sababu ndiyo ushahidi wako kwamba mzigo umeingia kihalali na kwa bei gani.

Daftari lina thamani ya moja kwa moja hapa. Katika viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alitozwa 100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4. Mwenye genge anayeuza milioni 5 kwa mwaka angelipa 30,000 akiwa na daftari, na 100,000 asipokuwa nalo. Viwango vinaweza kubadilika bajeti inaposomwa kila Juni, kwa hiyo thibitisha vya mwaka huu kwenye ofisi ya TRA iliyo karibu nawe. Malipo hugawanywa mara nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukitenga kila siku kidogo kwenye bahasha yake, hutakimbizana na tarehe.

Duka lenye mauzo makubwa na faida nyembamba, kama la vyakula, liulize jambo moja zaidi. Kodi inayokokotolewa kwenye mauzo inauma sana pale faida inapokuwa senti chache kwa kila shilingi. Sheria inamruhusu mfanyabiashara mdogo kuchagua kutozwa kwenye faida yake kwa mujibu wa hesabu zake. Kaa na mhasibu mwenye usajili, saa moja tu, na kaunta buku zako mezani, akuambie ipi ni nafuu kwako.

Kabla ya kukopa

Mkopo unaoitwa kausha damu umepewa jina na waliouchukua. Tuseme unapewa 300,000, unarejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 390,000. Wanakuambia ni asilimia 30. Lakini hukukaa na 300,000 mwezi mzima. Ulianza kurudisha kesho yake, na kwa wastani ulikuwa na nusu tu, 150,000. Umelipa 90,000 kwa kutumia 150,000, yaani asilimia 60 kwa mwezi. Rudi kwenye sukari yetu: 36,400 juu ya 133,000 ni kama asilimia 27 kwa mwezi, kabla ya kodi ya pango na mshahara wa kijana. Hakuna kitu kwenye rafu zako kinachoweza kulipa mkopo wa asilimia 60. Utaulipa kwa mtaji.

Benki Kuu ya Tanzania iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo za fedha zisizopokea amana, yaani zinazokopesha bila kupokea akiba za watu. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, omba kuona leseni, omba ratiba ya marejesho iliyoandikwa, na uhesabu mwenyewe jumla utakayorudisha pamoja na kila ada. Anayekataa kukupa karatasi ya kwenda nayo nyumbani, achana naye.

Kopa kwa ajili ya mzigo unaozunguka na ambao tayari unakosekana: wateja wanauliza, wewe huna. Usikope kujazia pengo ambalo hujajua limetoka wapi. Kama ile karatasi ya tarehe 1 inaonyesha nyumba inakula kuliko duka linavyozalisha, mkopo utaliwa vilevile.

Kikoba au SACCOS (chama cha ushirika wa akiba na mikopo) ya watu mnaojuana kwa kawaida ni mahali bora pa kuanzia. Zipo pia fedha za halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, zinazogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na hazina riba. Wanawake na vijana hukopeshwa kupitia vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo chagueni wenzenu kwa makini, kwani mmoja asipolipa wote mnaulizwa. Anayeshughulikia maombi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nenda na namba ya usajili wa kikundi, katiba yenu, na hesabu za miezi mitatu iliyopita.